Nani Kameki?

Mpaka leo mtu akiniambia sahani "imevunjika", ulimi unaniwasha. Imevunjika yenyewe? Imechoshwa na maisha ikajitupa kutoka kabatini? Wajukuu zangu wananijua. Wakivunja kitu huja mbio kunambia, "Bibi, nimevunja mimi," maana wanajua kwamba kuvunja kuna msamaha kwangu, lakini "imevunjika" haina. Watu husema Kazija ana hasira za karibu, na sikatai, ninazo tangu kuzaliwa. Ila hili si la hasira. Hili nilisomeshwa, tena kwa Kiingereza.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na tano. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nakaa Mkunazini, mjini Unguja, kwa shangazi yangu, nashona magauni kwa cherehani ya mkono iliyokuwa ikipiga kelele kuliko kushona. Mara tatu kwa wiki, baada ya sala ya alasiri, nilijitupia buibui nikaenda Kiponda, ghorofani kwa Bi Mwanakhamis, kusoma Kiingereza pamoja na wanawake wengine sita. Mkiniuliza nilikitaka Kiingereza cha nini, nitakuambieni kweli: sikukitaka. Nilikwenda kwa sababu Wanu alikuwa akienda.

Wanu ni shoga yangu wa utotoni. Sote wawili wa Makunduchi, yeye upande wa kusini na mimi upande wa kaskazini, tukaja mjini mwaka mmoja, yeye kwa mama yake mdogo, Sokomuhogo. Lakini Wanu alikuwa na lake. Alitaka kuwa muuguzi. Mtu akijikata kidole, sisi wengine hufumba macho, yeye husogea karibu. Waliotaka kusomea uuguzi walikuwa wakihojiwa mara moja kwa mwaka, kwa Kiingereza, na bimkubwa mmoja wa Kizungu, na Wanu alikuwa akikariri maneno hata anapopepeta mchele.

Tena alikuwa na Kificho. Kificho alikuwa tarishi, kijana wa Nungwi, suruali ya kaki iliyopigwa pasi na baiskeli iliyosuguliwa mpaka ukiitazama unajiona meno. Kazi yake ilikuwa kuzungusha barua za serikali mjini. Posa alishapeleka, na doti ya kanga alishampa mchumba wake. Siku moja alimwambia Wanu kwa mzaha, mbele yangu, "Ukenda kukaa bweni la wauguzi mie ntakuona lini? Bora barua yako ipotee njiani." Tulicheka sote watatu. Maneno ya mzaha hayana ubaya mpaka siku yatakapotafutiwa kazi.

Nyumba ya mama mdogo wa Wanu ilikuwa katika kichochoro ambacho hata paka hupotea, kwa hiyo kwenye maombi yake Wanu aliandika anwani ya Bi Mwanakhamis, anayejulikana na kila tarishi. Basi Jumatatu moja Kificho akaja Kiponda na bahasha ndefu yenye muhuri. Wanu hakuwapo, alikuwa na homa. Kificho akanikuta peke yangu chini mlangoni, akanipa mimi.

"Mpe leo leo, Kazija," akasema. "Nadhani ndiyo yenyewe."

Sokomuhogo si mbali. Ningeweza kufika kabla ya adhana ya magharibi. Badala yake nilikwenda moja kwa moja nyumbani, nikaitia bahasha ndani ya droo ya cherehani, chini ya vitambaa, nikaifunga.

Kwa nini? Kwa wivu. Silipambi. Nilimwona Wanu keshavaa kofia nyeupe, kesharafikiana na wenzake wa bwenini, na mimi nimebaki na cherehani yangu inayolia. Nilijiambia nitaipeleka kesho, nikishamaliza kununa. Kesho yake nilikuwa bado nanuna. Keshokutwa nikaona haya kwa kuchelewa, na haya ikanichelewesha zaidi. Jumamosi ndipo nilipompelekea.

Wanu aliifungua hapo hapo. Akasoma, midomo yake ikawa inakwenda polepole. Alitakiwa afike kuhojiwa Alkhamisi, saa mbili asubuhi. Alkhamisi ilikuwa imeshapita.

"Imefika lini hii?" akaniuliza.

Hapo ndipo nilipotamka lile neno. Sikusema uongo, na ndilo lililoniuma baadaye.

"Imechelewa," nikasema.

Wanu akalia, na mimi nikamsugua mgongo. Kisha akaacha kulia ghafla, akasema, "Kificho." Akakumbuka ule mzaha wa barua kupotea njiani. Nilikuwa nimeshafungua kinywa, wallahi nilikuwa nimeshakifungua, nikakifunga tena. Jioni ile ile Wanu aliirudisha ile doti ya kanga kwa mkono wa mama yake mdogo, pamoja na neno moja tu: sitaki.

Wiki ya pili Kificho alinikuta dukani nanunua uzi. Alikuwa amekonda. "Kwani Wanu kafaulu, ndo kaona tarishi hamfai?" akaniuliza.

"Mambo hayakwenda vizuri," nikamjibu. Haya, oneni na hilo. Mambo hayakwenda. Yana miguu.

"Nenda mwenyewe basi, ukamuulize," nikaongeza, maana nilitaka mtu mwingine anifanyie kazi yangu.

"Mtumbatu wa Nungwi habembelezi mara mbili," akasema Kificho, akapanda baiskeli yake.

Basi tukawa hivyo miezi mizima. Wanu anaamini Kificho kamharibia, Kificho anaamini Wanu kamdharau, na mimi katikati najua yote, nashona magauni. Wanu alizidi kunipenda. Alikuwa akiniambia, "Kazija, sina mtu ila wewe," na kila akilisema hilo mimi hukosa usingizi.

Ndipo ikaja alasiri ya kitenzi.

Bi Mwanakhamis alikuwa mjane mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi mweusi, na alikuwa na rula ambayo haikupata kumpiga mtu lakini meza iliijua. Siku hiyo aliandika neno moja ubaoni: make. Sisi ndimi zetu zilikataa kuishia pale Mwingereza anapoishia, tukalitilia herufi ya kupumzikia, likawa meki, na meki likabaki.

"Hiki ni kitenzi cha mtu anayesababisha jambo," akasema. "Kina kazi nyingi kuliko mama wa mapacha. Kupika chai, ni hiki. Kutandika kitanda, ni hiki. Kupiga kelele, ni hiki, Sichana, nyamaza. Kumchekesha mtu, kumliza, kumchelewesha, kumlazimisha, vyote ni hiki. Ukikitilia kijineno nyuma yake kinakuwa kupatana baada ya ugomvi. Na kwa kijineno hicho hicho ni kutunga uongo, na ni kujipaka poda."

"Basi ndoa yangu yote imo humo," akasema Sichana. Huyu Sichana alikuwa mpika maandazi, mama wa watoto watano, na alikuwa akija darasani kupumzika. Tulicheka mpaka yeye mwenyewe akapiga kiwiko cha mkono kwenye kidau cha wino.

"Mwalimu," akasema, "wino umemwagika."

"Nani kaumwaga?"

"Umemwagika tu."

Rula ikashuka mezani. "Hakuna umemwagika tu! Kitenzi hiki ni kama askari wa zamu. Hakiondoki mlangoni mpaka kipewe jina. Nani?"

"Mie," akasema Sichana kwa sauti ndogo.

"Ahsante. Na msidhani sisi hatuna maneno ya namna hiyo, tunayo, tena mazuri kuliko yao. Lakini tunayatumia kwa sifa. Tukimchekesha mtu, tunasema tumemchekesha. Tukivunja kikombe, kikombe kimevunjika. Tukiunguza wali, wali umeungua. Mji mzima huu umejaa vitu vinavyojiharibu vyenyewe." Alitutazama mmoja mmoja. Miwani yake iliponifikia mimi nilijifanya nafuta wino. "Someni siku mbili hizi. Siku ya Jumatano kila mtu aje na sentensi yake, ya kweli, iliyomtokea mwenyewe. Na jina liwemo."

Jumatano tukaja. Sichana alisema kwa Kiingereza kwamba mumewe humfanya apike maandazi saa kumi za alfajiri ilhali mume mwenyewe amelala, na Bi Mwanakhamis akasema sarufi ni nzuri na mume ni mbaya. Kisha akasimama Wanu. Alisimama wima, mikono ubavuni, kama alivyokuwa akijizoeza kusimama mbele ya yule bimkubwa wa Kizungu. Na kwa Kiingereza safi akasema kwamba Kificho aliichelewesha barua yake.

"Sahihi kabisa!" akasema Bi Mwanakhamis, akapiga makofi.

Nilihisi vibaya sana. Askari ameuliza jina, na jina amepewa, tena lisilo lake, na darasa zima linapiga makofi. Zamu yangu ilipofika nilisema mama yangu hunipikia mkate wa kumimina. Bi Mwanakhamis akasema sahihi, lakini hakupiga makofi.

Kutoka siku hiyo neno halikutuacha. Lilitoka Kiponda likaingia majumbani. Sichana alimuuliza mumewe kila asubuhi, "Nani kameki?" mpaka mume akaja kulalamika kwa Bi Mwanakhamis kwamba tangu mkewe aanze kusoma, nyumbani kwake hakuna tena kitu kilichovunjika, vyote amevunja yeye. Shangazi yangu, ambaye hakujua hata herufi moja ya Kizungu, alipokuta wali umeshika chini alisimama jikoni na mwiko, akanitazama, akasema, "Haya. Nani?" Na Wanu, aliyenizoea, kila kitu kikianguka alicheka akiniuliza, "Kazija, nani kameki?" Mara tatu nilikwenda hadi mlangoni kwake Sokomuhogo nimeshajipanga kusema, na mara tatu nikaishia kuomba kuazima mkasi. Kwa hiyo nikawa na mikasi mitatu ya watu.

Niliogopa. Ndilo jibu lake, halina maua. Niliogopa kumkosa, na ndilo lililonifanya nifiche barua tangu mwanzo.

Mwaka ulipokaribia ndipo nilipopata moyo. Ninaposema Mwaka nasema Mwaka wetu wa Makunduchi, si wa kalenda. Siku hiyo watu hukoga baharini asubuhi, kisha wanaume wa kusini na wa kaskazini hukutana uwanjani na kupigana kwa magomba ya migomba, na wanawake wa pande mbili hukabiliana kwa nyimbo za kutukanana. Aliyekuwa na fundo na mwenzake, siku hiyo ndiyo ya kulifungua. Ukipigwa hulipi kisasi, ukitukanwa hununi. Jua likitua limekwisha, na mwaka mpya hauingii na kinyongo cha mwaka wa zamani. Kwa mwoga kama mimi, hakuna siku bora.

Na kuna jambo jingine. Siku ya Mwaka kila nyumba inatakiwa iwe na mgeni. Nyumba isiyo na mgeni haina heri mwaka mzima. Nikaenda nikamngojea Kificho pale wanapoegesha baiskeli zao.

"Mama yangu hana mgeni wa Mwaka," nikamwambia. "Njoo kwetu Makunduchi."

"Kwenu ndo kwao vilevile."

"Kwao ni kusini, kwetu kaskazini. Mgeni utakuwa wangu mie. Mama anachinja jogoo, na wali wa nazi, na mkate wa kumimina."

Akafikiri sana. Lakini kukataa mwaliko wa chakula cha Mwaka ni vigumu kuliko kukataa mke. Siku ya pili alipanda gari la shamba pamoja nami, na baiskeli yake ikafungwa juu ya paa, maana hakuwa akisafiri bila yake. Njia nzima hakumtaja Wanu hata mara moja, na njia nzima alikuwa akipangusa kola yake.

Asubuhi ya Mwaka tulikoga baharini maji yakiwa baridi ya kung'ata, tukarudi tukavaa kanga mpya. Kificho nilimwacha barazani kwetu, mbele yake sinia la wali. Uwanjani vumbi lilikuwa limeshatimka. Wanaume wakigongana magomba, pwaa, pwaa, maji ya mgomba yanaruka, wazee wanashangilia, na mtu akianguka anacheka huko huko chini alikoangukia. Sisi wanawake wa kaskazini tulijipanga huku, wa kusini kule. Wanu alikuwa mstari wa mbele, kanga nyekundu, mkono kiunoni. Kusini walianza, wakatuimba kwamba mchuzi wetu ni maji ya kuoshea vyungu. Ikawa zamu yetu.

Nikatoka mbele. Mama yangu, aliyeshika ngoma, akafurahi, maana ulimi wangu alikuwa akiujua. Nikaimba:

Barua ya Jumatatu, ilikuja kwa haraka,
Ikalala siku tano, kuna mtu kaiweka.
Nani kameki?

"Nani kameki?" wakaitikia kaskazini. Neno hawakulijua, lakini liliwaingia mdomoni vizuri, na ngoma ikalipenda. "Nani kameki? Nani kameki?" Wakalirudia mara nne, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, wakiwanyooshea kusini vidole, wakisubiri niwape jina la mtu wa kule. Nilimtazama Wanu. Alikuwa amekunja uso kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka.

"Kazija binti Mcha!" nikaimba.

"Kazija binti Mcha!" wakaitikia wote, kwa nguvu zao zote, kwa ngoma na vigelegele. "Kazija binti Mcha! Nani kameki? Kazija binti Mcha!" Walinitukana mara tatu nzima kabla ya mtu kushtuka. Aliyeshtuka kwanza alikuwa mama. Akaishika ngoma kwa viganja viwili ikanyamaza.

"We mwana," akasema, "unamtukana nani?"

"Najitukana mie, mama."

"Kwa ngoma yetu? Si ungekwenda ukajitukania kwao!"

Kule kusini walitazamana. Wamekuja na matusi ya mwaka mzima na mtu keshajitusi mwenyewe. Bibi mmoja akasikika akiuliza, "Sasa sisi tuimbe nini?" Lakini mimi sikuwa nimemaliza, na nilijua nikinyamaza sitaanza tena. Nikaimba bila ngoma, sauti inakatika:

Tarishi hana makosa, aliileta mapema;
Wanu, uliyemtosa si mwovu, ni mtu mwema.

Wanu hakuimba. Aligeuka, akamnyang'anya kaka yake Mmanga gomba mkononi, naye Mmanga alikuwa katikati ya kupigana, akabaki amesimama mikono mitupu mbele ya adui yake. Wanawake hawapigani kwa magomba kwetu. Wanu alivuka uwanja na watu wakampisha.

Akanipiga begani, pwaa. "Hili la barua," akasema.

Akanipiga bega la pili. "Hili la Kificho."

Akaliinua mara ya tatu, na mkono wake ukabaki juu. Macho yalimjaa maji. "Na hili la siku ile nliyokuwa nalia, ukanisugua mgongo, na wewe unajua."

Lilishuka polepole, halikuuma hata kidogo, na ndilo lililoniliza. Nililia mbele ya Makunduchi nzima, kaskazini na kusini.

"Kwa nini, Kazija?"

"Nlitaka usende. Nliogopa ntabaki peke yangu."

Akanitazama kama mtu anayemtazama punguani wake mwenyewe. "Mjinga we! Bweni lenyewe n'la pale pale mjini. Ungepiga chafya kwenu Mkunazini ningekwambia afya!" Na akaanza kucheka huku analia, na mimi nikacheka huku nalia, na mama yangu, aliyekuwa hajaelewa hata nusu, akaona salama ni kupiga ngoma.

Kisha Wanu akajifuta macho. Alikuwa ameshafika kwenye kosa lake mwenyewe. "Yuko wapi?" akauliza.

"Barazani kwetu. Anakula."

Alikwenda na gomba lake mkononi, na wanawake wa pande zote mbili nyuma yake, maana hapakuwa na wimbo uliokuwa na utamu kuliko huo. Kificho alikuwa na tonge mkononi. Wanu akamnyooshea gomba.

"Nlikufanya mwizi wa barua bila kukuuliza," akasema. "Barua aliificha Kazija, lakini kukudhania nlikudhania mie. Nipige."

Kificho alilitazama gomba, akanitazama mimi, akamtazama Wanu. Niliona miezi yote ile ikipita usoni kwake, jambo moja likikaa mahali pake baada ya jingine.

"Nna mkono wa wali," akasema. "Ngoja nnawe."

Akanawa taratibu, akafuta vidole kimoja kimoja, wanawake arubaini wamesimama wanangoja. Akalipokea gomba, akamgusa nalo Wanu begani, kidogo tu, kama anayefukuza nzi.

"Kumekwisha?" akauliza Wanu.

"Kumekwisha."

"Na kanga zangu?"

"Zimo mfukoni mwa baiskeli," akasema Kificho. "Sijazitoa tangu ulipozirudisha."

Vigelegele vilivyopigwa hapo, nasikia walivisikia hata waliokuwa uwanjani wakichoma kibanda cha makuti kinachochomwa kila Mwaka, wakaacha kutazama moshi unaelekea wapi, ambao ndio hubashiri mwaka ujao. Mimi Kificho alinipa adhabu yake baadaye: nimalizie sinia lile lote, na usibaki hata ukoko. Nikala na kwikwi za kilio bado zinanishika.

Tulirudi mjini, na Wanu akaomba tena kuhojiwa. Sikumuuliza kama amenisamehe. Kwetu jua lilikuwa limetua, limekwisha, na kuuliza tena ni kuchimbua. Lakini mtu aliyekosa ana masikio yake, na mimi kila siku nilikuwa nasikiliza kama sauti yake ni ile ile.

Mwaka uliofuata, alasiri ya Jumatatu vilevile, tulisikia kengele ya baiskeli chini, kisha hodi. Kificho akapanda ngazi na bahasha ndefu yenye muhuri. Harusi ilikuwa imeshapangwa, kwa hiyo Sichana akaanza kumshangilia bwana harusi. Wanu hakuwapo siku ile, alikuwa kwao Sokomuhogo anamkogesha mtoto mchanga wa jirani.

"Si umpelekee mwenyewe, mchumba wako?" nikamwambia. "Una baiskeli."

"Kanikataza," akasema Kificho. "Kasema barua ikija nisimpe yeye. Nikupe wewe, umpelekee."

Bi Mwanakhamis alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Niliipokea ile bahasha kwa mikono miwili. Ilikuwa nyepesi.

Nikakimbia. Nilishuka ngazi buibui limenikaa shingoni, na nyuma yangu Sichana amejitokeza dirishani anapiga kelele mtaa mzima usikie, "Nani kameki! Nani kameki!" Nilipita Kiponda, nikapita Mkunazini mbele ya nyumba yetu bila kuitazama, shangazi akaniita nikaitika "Naam!" nikiwa nimeshafika mbali. Kubadhi moja ilikatika kamba, nikaiacha hapo hapo. Wanaume waliokaa barazani walinyanyua miguu nipite.

Wanu alikuwa mlangoni, mikono ina povu la sabuni. Aliiona bahasha kabla hajaniona mimi.

"Imefika?" akauliza.

"Haikufika," nikasema, nikihema. "Nimeileta mimi."

Hakuifungua. Alinitazama uso, akautazama mguu wangu mtupu uliojaa vumbi, akanishika mkono kwa mkono wake wa sabuni, akaanza kucheka.